Ngazi ya Bi Kache

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Leo simlilii mtu. Bi Kache wa Chaani, Changamwe, hakupenda kuliliwa, na mimi sithubutu kumkaidi.

Amefariki Jumanne, miaka tisini na minne. Shikeni jambo moja tu: Agosti 1946, Bi Kache alikataa kuuza mahindi.

Mwadharau? Haya, ngojeni.

Mwaka ule mvua ilikubali. Changamwe nzima ikavuna pamoja, ikakimbilia kuuza pamoja. Mnunuzi akaja na lori, shilingi nane gunia. Kenga, mumewe, kibarua wa bandarini, alitamani baiskeli.

“Mama Mbeyu, teremsha magunia matano.”

“Panda uteremshe mwenyewe.”

Kenga hakupanda. Kwao uchaga, ile dari ya kuwekea mahindi juu ya moto wa jikoni, ni wa mke. Mume hapandi, ni aibu. Na Bi Kache, asije mtu akajaribiwa, aliichukua ngazi akailaza uvunguni mwa kitanda chake.

Mnunuzi akacheka: “Mama, utalisha panya.”

“Panya hawanipangii bei,” akajibu. Majirani nao wakamcheka. Wallahi walimcheka!

Januari 1947. Jua kali, mahindi hakuna. Ndipo vibarua wa Mombasa walipogoma kudai mshahara, na Kenga kati yao. Siku ya sita, meko mengi ya jirani hayakuwashwa. Wakubwa wakangoja tu, njaa iwarudishe watu kazini.

Lori likarudi. Shilingi ishirini na nne gunia! Mara tatu ya bei ya Agosti. Kenga akasema, “Mama Mbeyu, bei uliyoingoja ndiyo hii. Uza.”

“Mimi sikungoja bei, niliweka kwa ajili ya kiangazi. Kiangazi ndicho hiki. Nikiuza leo, kesho kutwa utarudi kazini kichwa chini.”

Akaitoa ngazi. Akawaita wake wa wagomaji, hata wale waliomcheka. Kila nyumba debe moja.

“Si sadaka,” akawaambia. “Agosti mtanirudishia debe langu, kabla lori halijapiga honi.”

Binti yake Mbeyu alikuwa na miaka sita. Aliniambia jana: “Mimi ndiye niliyeshika ngazi. Katika nyumba zile, hakuna baba hata mmoja aliyerudi kazini kabla ya mgomo kwisha.”

Hata mmoja, wasikilizaji. Na Agosti madebe yote yakarudi. Baiskeli? Kenga aliipata Machi, kwa magunia mawili ya mwisho, bei ikiwa juu zaidi. Naye akaringa nayo hadi Miritini.

Wiki iliyopita, Mbeyu anasema, lori la mahindi lilipiga honi barabarani. Mamake, macho yamefumba, akauliza:

“Ngazi mmeiweka wapi?”

“Uvunguni, mama.”

“Haya basi.” Hakusema tena.

Mbeyu, wajukuu, na jamaa wote wa Chaani, poleni sana. Mungu amlaze pema.

Nawe unayenisikiliza, uliyeuza kila kitu wiki ya mavuno kwa sababu jirani ameuza, kisha Januari unakuja kunililia hapa studioni: mimi sina debe. Ngazi yako iko wapi?