Mkato wa Mwisho

Sogezeni viti, Cleophas na wewe Navalayo, na mama yenu Roda akae hapa miguuni pangu, kwa maana sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni. Daktari ameniambia ukweli na nimeupokea bila ugomvi. Nimekula obusuma, ugali wetu, miaka sitini na minane, nimeiona bendera yetu ikipanda, nimewazika wazazi wangu kwa heshima. Sina ninalomdai Mungu. Lakini kuna jambo moja nimelikalia miaka mingi, na sitaki kuzikwa nalo.

Ya mali ni mafupi. Shamba la Shinyalu, upande wa chai ni wa mama yenu mpaka siku zake ziishe. Upande wa mahindi mgawane nusu kwa nusu, na ndugu yangu yeyote atakayeuliza tangu lini msichana akapewa shamba, mwambieni aje aniulize mimi huko nitakakolala. Karakana ya Khayega, pamoja na injini, mshipi wake na ile lethi ya kukereza vyuma niliyoinunua kwa mzungu wa Lugari alipokuwa akifunga mizigo mwaka wa sitini na tatu, ni ya Cleophas. Naona mnatazamana. Najua watu wanavyosemanga sokoni, kwamba Cleophas ana mikono mizito na ataiua karakana kabla mwaka haujaisha. Hilo ndilo jambo lenyewe.

Mnakumbuka serikali iliponipeleka kwenye kiwanda cha Uingereza miezi sita, mwaka wa sitini na sita. Niliporudi niliwasimulia theluji, tukacheka, lakini la maana sikuwaambia. Katika kiwanda kile kulikuwa na ukumbi ambamo mashine zilifanya kazi bila mtu kuzishika. Moja ilikuwa ya kutoboa: meza ilisogeza chuma yenyewe mpaka chini ya keekee, kikatobolewa, ikasogea tena, mashimo mia na hakuna hata moja lililopotoka. Nyingine ilikuwa lethi kama yetu, inakereza shafti za trekta, zile fimbo za chuma zinazozunguka, tangu asubuhi, na ya mwisho ikawa sawa na ya kwanza. Ya tatu ilinitisha. Ilichukua bonge la aluminiamu kubwa kama kitanda hiki, ikalichonga mpaka kikabaki kipande chembamba cha bawa la ndege, na ilipohitaji kisu kingine ilijibadilishia yenyewe. Zote ziliongozwa na utepe wa karatasi wenye vitundu, na vitundu hivyo vilitokana na hesabu zilizopigwa na kompyuta, mashine ya kukokotoa iliyojaza chumba kizima. Kila safu ya vitundu ni amri: sogea hapa, ingia kiasi hiki, rudi.

Nikauliza, na kompyuta nayo imefundishwa na nani kazi ya chuma? Wakanionyesha mzee mmoja, George, mkerezaji wa miaka arobaini, ameketi mbele ya karani. Karani anamwuliza, halafu unafanya nini? George anasema. Halafu? Anasema tena, hata yale madogo ambayo vidole vya fundi huyafanya vyenyewe. Nikamwuliza, mzee mwenzangu, huogopi kufukuzwa? Akacheka, akasema magoti yanamwuma, na mashine ikishaijua kazi yake yeye ataenda kuvua samaki. Nilimwona mjinga. Leo ndio najua mjinga alikuwa nani.

Roda, nipe maji kidogo. Asante.

Cleophas, nitazame. Lethi yetu ni mgonjwa. Reli zake za kutembezea kisu zimelika karibu na taya zinazoshika chuma, zililika kabla sijainunua. Kisu kikifika hapo kinazama na kurudi nyuma kidogo sana, na shafti inabaki nene upande huo. Mimi niligundua wiki ya kwanza, nikajifunza kuisaidia kwa mkono. Na kila nilipofika mkato wa mwisho, nilikuwa nikikuambianga nini? Nenda kalete mafuta. Miaka saba umeleta mafuta, mwanangu, na ukirudi unakuta shafti imekwisha. Kisha wenye vinu vya posho wakawa wanazirudisha zile ulizokereza wewe, beringi, zile pete za kuzungukia, haziingii, akina mama wamebaki na mahindi kwenye debe, na mimi nasimama pale nikitikisa kichwa mbele za watu kana kwamba nimezaa mzembe. Huna mikono mizito. Hujawahi kuwa nayo. Nilikuficha siri hiyo, nami naona haya kuliko ninavyoweza kusema.

Nilifanya hivyo kwa sababu ya Mukhwana. Yeye nilimfundisha yote, akaenda akafungua karakana yake ng'ambo ya barabara, na wateja wangu wakavuka naye. Nikaapa hakuna atakayenifanyia hivyo tena, hata wa damu yangu. Lakini Mukhwana alitaka tu kula kwa jasho lake, kama mimi nilivyotaka. Mwiteni kwenye mazishi. Ashike jeneza upande wa mbele, yeye ana mabega.

Sasa, Navalayo, wewe mwalimu wa hesabu, toa kalamu. Ndani ya Biblia yangu kuna kipande cha ule utepe, George alinipa, nacho ni chako, kwa sababu ulikuwa ukiniuliza vitundu vinasema nini nami nikakufukuza ukapike chai. Niulize kama yule karani. Andika. Kisu kikibakiza inchi nne kufika kwenye taya, Cleophas, ingiza hendeli ya kisu nusu mstari wa kipimo chake. Usisimamishe mashine. Zikibaki inchi mbili, nusu tena. Ikibaki moja, mstari mzima, polepole... polepole kama unamfunika mtoto aliyelala. Umeandika? Basi.

Kuna shafti iko kwenye taya tangu niugue, imebaki mkato wa mwisho. Karakana ni hapo tu nje ya dirisha. Nenda ukaimalize. Acha kopo la mafuta lilipo.

Roda, fungua dirisha. Ndiyo, injini imeshika. Sasa kisu... sikilizeni kinavyoimba. Inchi nne hizo. Ameingiza. Vizuri. Mbili... usiharakishe, baba... sasa moja. Amezima injini. Mnisamehe, machozi haya si ya maumivu.

Ilete hapa, mikononi. Bado ina joto. Dole gumba langu halijafa, subiri... huku... na huku. Ni sawa. Ni sawa toka mwanzo hadi mwisho, mwanangu. Navalayo, karatasi hiyo ibandikeni ukutani juu ya lethi, kila anayejifunza aisome, na asitumwe mtu popote wakati wa mkato wa mwisho.

Mungu awape... mikono isiyoficha. Awape wateja wanaorudi kusalimia tu. Mpendane. Mama yenu... asikose kuni.

Nimechoka sasa. Cleophas, unaenda wapi? Rudi, keti hapa karibu yangu. Sikutumi tena popote.