Chai Baada ya Jibu

Ijumaa hii, tarehe 28 Septemba 2018, Mama Goretti Yangi anastaafu baada ya miaka kumi na miwili ya kuongoza utafiti wa wateja katika ofisi yetu hapa Juba. Alirudi kutoka Uganda na sanduku moja na mdomo mwepesi. Sanduku lilishachakaa, mdomo, loo, bado mzima kabisa.

Kazi yake ilikuwa kuwauliza wanunuzi maswali, wakati ambapo vita vilimfanya kila mwenye maswali aonekane jasusi. Akifukuzwa mtaa wa Hai Malakal asubuhi, jioni alirudi kule kule akicheka, safari hiyo ameongozana na katekista wa mtaa.

Lakini kesi ya sabuni ya mwaka 2015 ndiyo iliyotutoa jasho. Natalina na wenzake wa mtaa wa Kator, wengi wao wajane wa vita, walikuwa wakitengeneza sabuni ya mafuta ya shea. Mwagizaji mmoja wa sabuni za nje akawashtaki kwamba wameiga alama yake ya biashara na kuwachanganya wanunuzi. Wakishindwa, karakana yao ingefungwa, hivyo wakatuomba msaada. Mwagizaji naye alikuja na ushahidi: karibu kila mnunuzi aliyehojiwa nyumbani kwake, mtaa wa New Site, alikubali kwamba sabuni zote mbili ni za kiwanda kimoja. Jamani, tulikata tamaa.

Mama Goretti alilisoma swali lao, akaguna. Waliuliza: sabuni hizi si za kiwanda kimoja? Sasa nani hapa Juba atambishia mgeni aliyekwisha kumkaribisha chai? Akaenda nyumba zile zile na swali lile lile, ila badala ya sabuni ya Natalina akaonyesha nyingine ambayo haikufanana na yoyote. Wakakubali tena, na tabasamu juu! Kisha akaenda kwa wanunuzi wengine, akawapa sabuni ya Natalina peke yake, akauliza imetengenezwa na nani, akanyamaza. Chai aliikataa mpaka ajibiwe. Wengi wakasema ni ya akina mama wa Kator.

Mahakama iliyatupa madai. Natalina alimwangukia begani wakili wetu, Bwana Lemi, akalia mpaka koti likalowa. Sote tulishusha pumzi. Sabuni mliyopewa mlangoni leo imetoka kwenye karakana hiyo hiyo.

Mama Goretti, asante sana. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na wajukuu watiifu. Hatukuulizi kama utatukumbuka, maana kwa adabu yako utasema ndiyo. Tutakuja kwako sisi wenyewe, na safari hii chai tutakunywa kwanza.