Helmeti Mbili Ndani ya Basi

Asubuhi ile mshona nguo alikuwa anakwenda dukani kununua pikipiki au skuta, hajaamua ipi, na bahati ikamkalisha nyuma ya watu wawili wasiojuana, kila mmoja na helmeti mpya mapajani. Akatega masikio bila haya.

"Skuta si pikipiki, dada yangu," alisema mwanamume, fundi saa mfupi mwenye sauti ya kujaza basi. "Unakaa kama uko saluni unasubiri kusukwa. Yangu ikinguruma, majirani wanafunga madirisha."

"Ndiyo sifa hiyo, kaka?" akauliza mwenzake, muuguzi aliyevaa sare. "Yangu haina gia wala makelele. Napanda na sketi yangu, begi miguuni, raha mustarehe."

"Sasa mbona uko humu?"

Muuguzi akacheka mpaka helmeti ikataka kuanguka. "Nilijifunzia uani kwa shangazi, nikizunguka tangi la maji wiki nzima, kushoto tu. Kukata kulia bado sijui, na lango la hospitali liko kulia. Kwa sasa nakizoesha kichwa helmeti. Na wewe je?"

Fundi akakohoa. "Yangu ndefu. Nikisimama, miguu haifiki chini. Lazima nipate ukuta wa kuegemea."

"Na bado unaisifu?"

"Ukiiona utanyamaza."

Mshona nguo, aliyekuwa anatafuta ushauri, akajiziba mdomo kwa mtandio. Basi likasimama mbele ya hospitali. Fundi akashuka akiitafuta ardhi kwa ncha ya kiatu, bado anabisha. Muuguzi akashuka nyuma yake akimjibu, akavaa helmeti, akaligeuzia mgongo lango la hospitali lililokuwa kulia na kukata kushoto kwa miguu, kama anazunguka tangi la shangazi.