Mwalimu Hamda binti Hud na Safari ya Merikani

Assalaam alaykum warahmatullah. Wazee wetu, jirani zetu, na nyote mliofunga safari kutoka Sur, Nizwa na Fanja kuja kutupa mkono wa taazia, mimi ni Anas bin Nizar, mtoto wa kaka wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kukusomeeni maisha ya shangazi yangu, Mwalimu Hamda binti Hud bin Mahrous.

Marehemu alizaliwa Tabora tarehe 9 Machi 1951, akasoma chuo cha Kurani na skuli hapo hapo mjini, kisha mwaka 1970 akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako alichagua historia, na katika historia akapenda zaidi ile ya Marekani, tangu kuasisiwa kwake hadi zama za wanamageuzi wa mwanzo, kwa kuwa, akisema, ni nchi iliyoandika kwamba watu wote ni sawa, halafu ikaishi miaka mingi ikigombana na maandishi yake yenyewe.

Mwaka 1975 alihamia huku Omani, hapa Ibra, akasomesha skuli ya wasichana, na tarehe 14 Oktoba 1977 akaolewa na Bwana Yazeed, mhandisi wa barabara, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2015, wakajaaliwa watoto wawili, Wijdan na Muzamil. Mwaka 1994 alipata kazi ya kusomesha chuo kimoja huko Nizwa, akawa anakwenda na kurudi kwa gari lake mwenyewe mpaka alipostaafu mwaka 2011.

Waliosoma kwake wanakumbuka kwamba hakuanza na vita wala marais, alianza na kitambaa cha merikani, ambacho pamba yake ililimwa na watumwa wa kusini, ikafumwa na wasichana wa viwanda vya kaskazini, ambao nao waligoma walipokatwa ujira, kikapakiwa merikebuni hadi Unguja, kikapanda bara hadi Tabora, na huko muuzaji wake mmoja alikuwa baba wa babu yake. Kwa kitambaa hicho aliwafahamisha mapatano ya katiba yaliyouacha utumwa uendelee, ugomvi wa mabenki, mifereji iliyochimbwa kufungua biashara, mpaka wale wanaume na wanawake waliosimama kudai watumwa waachwe huru na wanawake wapate haki zao.

Mwaka 2006 mwanafunzi wake mmoja, Dalal, binti wa hapa Ibra, alimuuliza darasani, "Mwalimu, na hiyo merikani ilipotoka pwani, nani waliibeba mpaka Tabora?" Marehemu angeweza kulipita swali lile, lakini alimjibu mbele ya wote, "Wengine wapagazi wa ujira, wengine watumwa, na katika hao watumwa walikuwamo waliomilikiwa na nyumba yetu."

Maneno yale yalifika Ibra kabla yake. Baba yangu, Nizar, alimngoja mlangoni, akamwambia, "Hamda, ya Wamarekani wasomeshe, ya kwetu yaache kwetu." Akamjibu, "Kaka, nitavifunuaje vitabu vya wenzangu na cha kwetu nikikalie?" Tangu siku ile baba hakutia mguu nyumbani kwake, hata marehemu alipofiwa na mume, baba aliishia makaburini, lakini marehemu kila Idi alikuja kwetu, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akanywa kahawa yake, akaondoka.

Mwaka 2022 alishikwa na maradhi ya figo, akawa anasafishwa damu hapa Ibra, na hapo ndipo baba alipomwendea, akakaa kando ya kitanda, akamwambia jambo alilolificha tangu utoto, kwamba bibi yao mzaa baba, tuliyemjua kwa jina la Turkiya, alitekwa Manyema, huko Kongo, akiwa mtoto, akanunuliwa Ujiji, na Turkiya ni jina alilopewa na waliomnunua. "Aliniambia mimi peke yangu," baba alisema. "Kwao akiitwa Mosi." Marehemu akamwomba alitaje tena lile jina, na kuanzia hapo baba alikuwa kwake kila alasiri, wakimzungumza bibi yao, sauti yake, mchicha wake wa karanga, nyimbo ambazo hakuna aliyezielewa.

Alifariki Alkhamisi tarehe 6 Februari 2025, mkono wake umo mkononi mwa kaka yake. Baba, mnayemwona hapa mbele, ndiye aliyeniagiza nisome yote haya bila kupunguza neno.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, jirani waliotupikia siku hizi tatu, wenzake wa Nizwa, Dalal, ambaye leo ni mwalimu huko Sur, na Saliha wa Tanga, aliyemuuguza kama mama yake mzazi.

Mola akupanulie kaburi lako, shangazi, akurehemu wewe na bibi yetu Mosi, mpumzike nyote wawili kwa amani.