Siku Nilipovuliwa Uafande

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Bwana Mkuu wa Gereza, maafisa wenzangu, familia ya Sajini Nakiru, ndugu wageni waalikwa: ejok, kama wanavyosalimiana wenyeji wa hapa Lodwar.

Nimeombwa nimuage Sajini Nakiru, muuguzi wetu, anayestaafu leo baada ya miaka thelathini na moja. Hata leo ninamwogopa kidogo, kwa hiyo mniwie radhi nikibabaika.

Nilifika hapa Lodwar mwaka jana, 2012, na digrii yangu ya miaka sita. Nilifundishwa moyo, mapafu na figo. Gereza, nani alinifundisha? Siku ya kwanza aliletwa Ayuen, mahabusu kutoka Kakuma, amekonda, akachuchumaa mbele yangu kama wanavyochuchumaa mbele ya askari. Nami nilikuwa nimevaa koti jipya la kaki, kama la askari, nikijipenda kweli. Nikamuuliza anaumwa wapi. Akasema, "Niko sawa, afande." Nikaandika kwamba yuko sawa, nikaita mwingine.

Sajini hakunigombeza. Alimwomba askari aliyemleta asimame nje, mahali anapotuona lakini hawezi kutusikia. Akamwinua Ayuen, akamkalisha kwenye kiti changu mimi. Kisha akaniambia taratibu, "Daktari, huyu anajibu koti. Livue, umwambie jina lako."

Nikalivua. Nikamwambia mimi ni Opondo, na kwamba siri yake haitafika kwa askari. Hapo akakohoa kikohozi alichokuwa amekibana wiki sita, akiogopa kutengwa asifikishwe kortini. Kilikuwa kifua kikuu, na seli yake ililala watu arobaini. Ndugu zangu, nami nilikuwa nimeandika kwamba yuko sawa. Mama huyu aliona nini ambacho mimi, na vitabu vyangu vyote, sikukiona?

Mheshimiwa, ombi letu ni moja. Kabla daktari hajakabidhiwa gereza, afundishwe nani atoke nje, siri gani aitunze, na namna ya kumkatalia hata mkubwa wake akiitaka siri hiyo. Akae mwezi mzima kando ya mtu kama huyu. Sajini anaondoka leo na shule yetu yote. Tafadhali mwombeni arudi kufundisha, sisi tumeshindwa kumshawishi.

Ayuen aliachiliwa na korti akiwa amepona. Amesafiri kutoka Kakuma, yuko pale kiti cha nyuma. Asubuhi getini nilikuwa na koti lilelile, naye akanisalimia, "Habari yako, Daktari Opondo."

Asanteni kwa kunisikiliza kwenye jua hili. Na wewe Sajini, asante kwa kunivua uafande.