Neno la Kumwambia Bosi

Benchi la kijiweni lilikuwa limejaa jioni hiyo, na katikati yake alikaa Randa, fundi seremala, kama mtu aliyekalia kesi yake mwenyewe. Asubuhi, kiwandani, yeye na shemeji yake, fundi wa kupaka vanishi, walikuwa wameshikana mashati. Shemeji alifungua vibano vya meza ambayo gundi yake haijakauka ili awahi kuipaka. Mguu ukachomoka. Randa akamsukuma, naye akasukumwa, kopo zima la vanishi likamwagika, na bosi mpya akatokea mlangoni. Bosi huyo hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Karani akatafsiri: kesho waje ofisini mmoja mmoja, kila mtu ajieleze mwenyewe kwa Kiingereza, maana bosi hataki habari za kupitia kwa mtu. Na kanuni ya kiwanda inajulikana: waliopigana wanaondoka wote wawili. Randa aliogopa, tena sana, na hofu yake akaipeleka kwa Wakili, aliyewahi kufagia mahakama kwa miaka, na kwa Redio, mshona viatu anayesikiliza mpira kwa Kiingereza kutwa nzima.

Wakili alipuliza kahawa yake, akaanza.

— Usithubutu kusema “fight”. Hiyo ni ngumi kavu. Ukiitamka tu, kazi huna. Sema “quarrel”.

— Thubutu! — Redio akadakia. — Hiyo ni ya mke na mume. Bosi atamwuliza Randa yeye na shemeji wana watoto wangapi.

— Basi “argument”.

— Hiyo ya mdomo mtupu. Kwani mdomo ndio uliomwaga kopo?

Randa alicheka bila kupenda.

— Jamani, kesho ni kesho. Nipeni neno moja, niondoke nalo.

— “Clash”, — Redio akasema. — Kila Jumamosi nasikia timu zina “clash”, na Jumatatu wachezaji wote wako mazoezini, mshahara uko palepale.

— Na majeshi je? Nayo si yana “clash”? Unataka bosi aite vifaru? — Wakili akauliza.

Wakili aliweka kikombe chini. Alipoweka kikombe chini, watu walijua somo linaanza.

— Sikilizeni niwape siri ya Kiingereza. Neno likiwa fupi, kosa ni kubwa. “Fight”, “brawl”, “war”. Pumzi moja, umekwisha. Neno likirefuka, kosa linakonda. Mahakamani matajiri hawapigani kabisa, wanapata “misunderstanding”, yaani hawakuelewana tu. Nimefagia nyuma yao mimi. Jino la mtu lilikuwa sakafuni, na bado ikaitwa “misunderstanding”.

— Kama ni urefu, ninalo la kumaliza mchezo, — Redio akasema, amevimba kichwa. — “Altercation”. Mtangazaji alilitoa siku refa alipokimbizwa mpaka chumba cha kubadilishia nguo. Ukilitamka, bosi mwenyewe atatafuta kamusi. Na mtu anayetafuta kamusi hana nafasi ya kufukuza watu.

— Hapo umenena. Akilisema kwa kujiamini, anaweza hata kupandishwa cheo.

Randa akalijaribu mara kadhaa, kwanza kwa woga, kisha kwa sauti ya mtu mwenye haki zake. Kifua kikamjaa. Alijiona amekwisha kupona.

Ndipo akaja mdogo wake wa kike, mke wa yule shemeji, tepu ya ushonaji ikining’inia shingoni.

— Kaka, shikamoo. Shikamooni nyote.

— Marahaba. Kwema?

— Nimesikia mnatafuta neno.

— Tumeshalipata! — Redio akajibu. — Hilo halina mpinzani.

— Vizuri. Na mume wangu yeye atasema lipi?

Wakili akarudia kupuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Redio akajitia kuchungulia kikombe.

— Maana ndiye anayeitwa wa kwanza, — dada akaendelea. — Akisema vingine na kaka akasema vingine, si mmejichongea?

— Mwulize basi, — Randa akasema.

— Mimi? Kwani nilikushika shati mimi?

Randa aliona aibu. Jioni nzima alikuwa amemfikiria bosi tu. Yule mtu anayekula sahani moja na dada yake, aliyemchania shati mbele ya kiwanda kizima, hakumpitia akilini hata kidogo. Akainuka, akamfuata dada yake, huku Redio akimpigia kelele kuwa asisahau kulikaza neno katikati.

Shemeji alikuwa amekaa kizingitini, midomo inacheza, ananong’ona neno fulani refu la Kiingereza. Alipomwona Randa akaliacha katikati.

— Shemeji, — Randa akasema.

Akatafuta la kuongezea, kwa lugha aliyozaliwa nayo, asilipate. Mwenzake akasogea pembeni, akampa nafasi ya kukaa.