Mzee Lenzi na Shati la Rubani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka fundi ndege mstaafu tuliyemzoea kwa jina la Mzee Lenzi. Ametutoka wiki iliyopita akiwa na miaka themanini na moja. Kazi yake ya uzeeni ilikuwa moja tu: kutambua ndege za zamani kwenye picha. Zile adimu, ambazo hata vitabu vimezisahau.

Watu walimtumia picha kutoka kila upande. Alizichunguza kwenye meza ya chakula, kwa lenzi yenye mpini uliozungushiwa utepe. Na alikuwa na utaratibu wake. Kwanza alikata karatasi, akawafunika watu waliomo pichani. "Hawa wananipotezea muda," alisema. Kisha alianzia mkiani, akaja madirishani, akamalizia mlangoni. Niliwahi kumpelekea picha ya harusi ya shangazi yangu, ndege ikionekana kwa mbali. Akanitajia aina ya ndege, kiwanda na mwaka. Nikamuuliza kama bibi harusi alipendeza. Akasema, "Bibi harusi yupi?"

Lakini wasikilizaji, Mzee Lenzi aliwahi kukosea. Mwenyewe aliniomba nisilifiche.

Mwalimu mmoja alimletea picha ya baba yake, rubani wa ndege ya mizigo, amesimama kando ya ndege yake. Rubani huyo aliondoka siku moja asirudi. Miaka mingi baadaye mabaki ya ndege yalipatikana mlimani, na mtu aliyekuwamo akazikwa bila jina. Mwalimu alitaka kujua jambo moja tu. Je, ndege ya mlimani ndiyo ya baba?

Mzee Lenzi akamfunika rubani kwa karatasi. Namba ya ndege haikuonekana pichani, ila aliona mlango wa mizigo uko upande wa kulia. Ndege za aina ile zina mlango kushoto. Zenye mlango kulia ziliundwa tatu tu. Ile ya mlimani mlango wake ulikuwa kushoto. Basi akajibu: siyo. Furaha ya kupata ndege adimu ilimpanda kichwani, ndivyo alivyoniambia. Mwalimu akaendelea kumtafuta baba yake kwa miaka sita.

Sasa, mke wa mzee ni fundi cherehani. Siku moja alikuwa anafuta meza, mumewe ametoa nakala ya picha ile aitazame tena. Karatasi iliyomfunika rubani ikateleza. Mama akainama. "Baba watoto, mbona huyu rubani kavaa shati la kike?"

Vifungo vilikuwa kushoto kama vya nguo za kike, badala ya kulia kama vya wanaume. Picha ilisafishwa kinyume, filamu ikiwa imegeuzwa, wasikilizaji. Kushoto kulikuwa kulia. Mlango ulikuwa kushoto siku zote, mengine yote yalilingana, na ndege ilikuwa ile ile.

Mzee hakupiga simu. Alipanda basi saa hiyo hiyo. Mwalimu anasimulia: "Aliniambia, 'Mwanangu, nimekukosea. Yule wa mlimani ni baba yako.' Nilitaka kumfukuza. Miaka sita jamani! Lakini alikuwa ameishika picha kwa mikono miwili. Nikamwambia aketi."

Mwezi uliofuata jina la rubani likaandikwa kaburini. Saruji aliikoroga Mzee Lenzi mwenyewe.

Tangu hapo hakumfunika mtu tena. Alirudia masanduku yake yote kumi na moja ya picha, akaandika nyuma ya kila picha ndege gani, na nani amesimama. Ambaye hakulijua jina lake alimwandika hivyo hivyo: mama mwenye kofia, kijana anayecheka.

Tunaipa pole familia yake. Mimi binafsi nimeumia, sina la kuficha. Na ninyi wapendwa, leo zigeuzeni picha zenu. Kama nyuma ni patupu, waulizeni wanaojua wangali hai.

Mkewe aligeuza ya kwake juzi. Ni picha ya ukutani, yeye akiwa msichana, amesimama chini ya bawa. "Kila nikimuuliza hii ndege gani, ananiambia bado anachunguza," anasema mama. "Miaka hamsini anachunguza!" Nyuma akakuta mwandiko wa mumewe.

"Ndege: sijui, sikuiangalia. Aliyesimama: mke wangu."